Tuwapeleke wanafunzi wakayaone mapango ya Mlima Elgon

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha ya "Ziara Niliyoifurahia" anaijua safari hiyo kwa ghibu. Basi huondoka alfajiri na mapema, jogoo wa kwanza akiwa ndiyo kwanza amewika. Wanafunzi huimba njia nzima. Wakifika mbugani humwona simba akinguruma, twiga akinyoosha shingo na kiboko akipiga miayo, kisha hurejea nyumbani wakiwa hoi bin taabani, lakini wenye furaha isiyo na kifani. Insha za aina hiyo nimezisoma kwa mamia, na nyingi zimeandikwa na watoto ambao hawajawahi kutia mguu katika mbuga yoyote. Hao siwalaumu, kwani asiyeona huandika aliyoyasikia. Linalonishangaza ni jingine. Nimefundisha kwa miaka mingi katika Trans Nzoia, mahali ambapo Mlima Elgon huonekana kutoka dirishani mwa darasa kila asubuhi isiyokuwa na mawingu, na sijapata kusoma hata insha moja inayosimulia ndovu waingiao pangoni usiku wa manane kutafuta chumvi.

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Shule zetu hukusanya fedha za wazazi, zikakodi mabasi na kuwapeleka wanafunzi Nairobi wakatazame majumba marefu, au Mombasa wakaoge baharini. Safari hizo zina faida zake, nami sizibezi. Hata hivyo, ni ajabu kwamba mtoto aliyezaliwa Endebess, Saboti au Kapsokwony anaweza kumaliza masomo yake yote ya sekondari akiujua Mlima Kilimanjaro kwa picha ya kitabuni, ilhali mlima unaomnywesha maji haujui ila kwa umbo lake la mbali. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini mapango ya mlima huo yanastahili kuhesabiwa kuwa darasa, na pia kwa nini darasa hilo halifai kuingiwa kiholela.

Kwa faida ya wasomaji wasioujua, Mlima Elgon ni volkeno iliyozimika, nao umeketi mpakani mwa Kenya na Uganda. Wabukusu na Wagisu huuita Masaba. Jina la Elgon latokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaot, ambao Wamaasai waliwaita El Kony. Kilele chake kirefu zaidi ni Wagagai, chenye kimo cha mita 4,321, nacho kiko upande wa Uganda. Upande wa Kenya kinara ni Koitobos, ambacho ni kifupi kidogo. Wanajiolojia huuhesabu miongoni mwa volkeno kongwe kabisa za Afrika Mashariki, wenye umri upitao miaka milioni 20. Kitako chake kina upana wa karibu kilomita 80, na huko juu, mahali ambapo zamani paliwaka moto, pamebaki kasoko yenye upana wa karibu kilomita nane. Si kwamba mlima huu ni mfupi kwa asili yake. Umri umeula. Mvua na upepo vimeuparuza kwa mamilioni ya miaka, ukapungua kama kisu kilichonolewa mno.

Serikali ya Kenya ilitenga sehemu ya mlima huo kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, eneo la kilomita mraba 169. Uganda ilifanya vivyo hivyo kwa upande wake mwaka 1993. Mgeni atokaye Kitale hupita Endebess, akaingia kwa lango la Chorlim. Toka hapo njia hupanda katika msitu wa mierezi, podo na miti mikubwa ya jamii ya mzeituni inayojulikana kama Elgon tiki. Juu zaidi huja mianzi, na juu ya mianzi huja nyika ya baridi ambamo lobelia husimama warefu kuliko mtu. Mbega hurukaruka matawini na mikia yao myeupe ikipepea, nyati hujificha vichakani, na pongo na kuro huonekana asubuhi mahali palipo na majani mafupi. Chui yumo, ijapokuwa ni wachache wanaobahatika kumwona. Anayetaka simba wa kwenye insha aende kwingine.

Lakini fahari ya mbuga hii ni mapango. Yanayojulikana zaidi ni manne: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny ndilo lenye mdomo mpana zaidi, na kijito huanguka mbele yake kutoka ukingo wa jabali, hata mtu aliye ndani hutazama nje kupitia pazia la maji. Kitum ndilo lenye sifa zaidi duniani. Limeingia tumboni mwa mlima kwa kiasi cha mita 200, na kuta zake zimechanjwachanjwa kwa mikwaruzo mirefu, kana kwamba jeshi la mafundi lilipita humo na patasi. Mafundi wenyewe ni ndovu.

Hapa ndipo lilipo somo ambalo nalitamani kila mwalimu wa sayansi alifundishe papo hapo mlimani. Mvua nyingi inyeshayo Elgon huyeyusha chumvichumvi za udongo na kuziteremsha mtoni. Majani ya msitu huo basi huwa na sodiamu haba, na mnyama mkubwa alaye majani kutwa kucha hupungukiwa. Ndani ya mwamba, hata hivyo, chumvi imesalia. Mapango haya yamo katika tabaka la majivu ya volkeno na vipande vya mawe vilivyogandamana, mwamba ulio laini kuliko zaha iliyo juu yake. Maji hupenya polepole, hubeba madini, na yakikauka kwenye kuta huacha chembechembe nyeupe za chumvi ya salfeti ya sodiamu. Ndovu hulibandua jiwe kwa pembe zake, hulitia kinywani kwa mkonga, na hulisaga kwa magego. Ukisimama nje usiku ulio kimya unaweza kuisikia sauti hiyo ya kusaga, wanasema walinzi wa mbuga.

Mwanabiolojia Mwingereza, Ian Redmond, alianza kuwachunguza ndovu hawa mwaka 1980, na kamera za usiku zimekwisha kuwapiga picha wakiwa kazini. Huingia mmojammoja, kwa mstari, majike na watoto wao, katika giza lisiloruhusu jicho la kiumbe yeyote kuona. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba sehemu kubwa ya pango la Kitum imechimbwa na ndovu wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kila kimoja kikiondoka na matumbo machache ya mawe. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba imetoboa mlima.

Nilipofuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu kuzuru mbuga hii, tulisimama mbele ya mdomo wa Kitum, na mlinzi aliyetuongoza akatueleza hayo. Msichana mmoja, ambaye darasani ni nadra kuinua mkono, akauliza, "Afande, kama kuna giza na ndovu hana tochi, anajuaje pa kukanyaga?" Mlinzi akamjibu kwamba ndovu hutanguliza mkonga, akaipapasa ardhi hatua kwa hatua, na kwamba mtoto humfuata mama yake akiwa amemgusa. Kisha akaongeza kwamba ndani mle kuna ufa mkubwa katika sakafu, na kwamba zimewahi kupatikana humo maiti za ndovu wadogo waliotumbukia. Wanafunzi wakanyamaza. Msichana yule akauliza tena, "Na aliyeanza? Wa kwanza kabisa, nani alimwonyesha njia?"

Swali hilo halikujibiwa siku ile, wala mimi sina jibu lake. Nalitaja kwa sababu kwa muda wa nusu saa lilizua mjadala ambao vitabu vya kiada havijapata kuuzua mbele yangu. Mmoja alisema ndovu alinusa chumvi. Mwingine akasema labda zamani pango lilikuwa kijishimo tu kando ya njia, ndovu akalamba ukutani, na shimo likakua pamoja na ukoo wake. Wa tatu akataka kujua iwapo ndovu akiuawa kabla ya kumfundisha mwanawe, elimu ya pango hufa naye. Walimu wenzangu, hiyo ndiyo fikra tunayoidai kila siku katika mitihani na aghalabu tusiipate.

Mapango haya yana somo la historia pia. Mskochi Joseph Thomson alifika Elgon mwaka 1883, akayastaajabia. Aliwakuta wenyeji wakiishi humo pamoja na ng'ombe wao. Badala ya kuamini kwamba mapango ni ya mlima, aliamua kwamba lazima yalichimbwa na watu wa taifa kubwa la kale lililokuja kutafuta vito au madini, na fikra zake zikaenda hadi kwa Wamisri. Hakudhani kwamba mchimbaji angeweza kuwa mnyama, wala kwamba wafugaji aliowakuta walijua mengi kuliko yeye. Wasabaot walikuwa wameyatumia mapango kwa vizazi vingi kujikinga na mvua, baridi na wavamizi, na mifugo yao ililambishwa chumvi ileile ifuatwayo na ndovu. Mzee mmoja wa upande wa Kapsokwony aliwahi kuniambia kwamba nyanyake alizaliwa pangoni, na kwamba watoto wa siku zile walifundishwa kuhesabu ng'ombe gizani kwa kuwagusa migongo. Wazee kama yeye wangali nasi, ijapokuwa wanapungua, na hakuna mtihani unaowauliza wanayoyajua.

Sasa nigeukie jambo lililo zito, ambalo walimu wengi hulitaja kwa kunong'ona. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya aliugua homa kali baada ya kuzuru Kitum, akafia hospitalini Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, lakini akapona. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki mwenye umri wa miaka 15, aliyekuwa ameingia pango hilohilo, alifariki kwa ugonjwa uleule. Ulikuwa ugonjwa wa virusi vya Marburg, ulioitwa kwa jina la mji wa Ujerumani ambako ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Wachunguzi waliolichambua pango mwaka 1988 waliondoka mikono mitupu. Ilichukua karibu miaka 20 zaidi kabla ya sayansi kumtambua mbebaji wake: popo mla matunda wa jamii inayoishi kwa maelfu mapangoni. Virusi hivyo vilipatikana kwa popo wa mgodi mmoja nchini Uganda, na vilevile kwa popo aliyenaswa Kitum mwaka 2007. Tena mwaka 2017 watu watatu walifariki katika wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima huuhuu. Wa kwanza wao alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo.

Mbele ya habari hizi watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba wageni wengi wameingia na kutoka salama, basi hofu ni ya wanawake wa sokoni, na watoto waachwe waingie wakimbizane humo. Kundi la pili husema kwamba mlima wote ufungiwe wanafunzi, na mwalimu atakayeutaja katika mkutano wa wazazi anyamazishwe. Nimehudhuria mkutano wa namna hiyo, nami nawaheshimu wazazi waliosema kwa uchungu. Lakini makundi yote mawili, kwa maoni yangu, yanakwepa kufundisha. La kwanza linamficha mtoto hatari, na la pili linamficha elimu.

Njia ya kati ipo. Safari yetu iliishia mdomoni mwa pango, penye mwanga na hewa. Hakuna mwanafunzi aliyepenya vyumba vya ndani walikojaa popo, aliyegusa kinyesi chao, wala aliyeokota tunda lililong'atwa na kutupwa. Kabla ya kuondoka shuleni mwalimu wa bayolojia aliwafundisha kipindi kizima kuhusu popo: jinsi wanavyochavua maua na kusambaza mbegu za msitu, kwa nini kuwaua hakuondoi ugonjwa, na kwa nini wafanyao kazi katika mapango yao hutakiwa kuvaa glavu na barakoa. Baada ya janga la korona, mtoto wa leo hahitaji kuelezwa barakoa ni nini. Anahitaji kuelezwa ni wapi na kwa sababu gani. Kujua mahali pa kusimama ni elimu kamili, na aliyefundishwa kuiheshimu kingo ya pango akiwa na umri wa miaka 16 hatawapeleka wadogo zake humo kwa siri wakati wa likizo. Hilo la mwisho si la kupuuzwa, kwani watoto waishio kandokando ya mlima hawahitaji basi la shule kulifikia pango. Kuwanyamazia hakuwalindi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niseme mapema badala ya kungoja. Ndovu wa Elgon walishambuliwa vibaya na majangili katika miaka ya 1970 na 1980, na kundi halijarejea lilivyokuwa. Mnyama huyu hatumii ramani. Njia ya pango, kina cha ufa, ukuta upi una chumvi, yote huyapata kwa mkubwa wake. Jangili amwuaye jike mzee kwa ajili ya pembe mbili anachoma maktaba ya ukoo mzima, na kijana aliyelielewa hilo hawezi kuitazama pembe kwa macho yaleyale.

Tena mlima huu ni mmoja wa matangi matano makuu ya maji ya nchi yetu, pamoja na Mau, Mlima Kenya, Aberdare na Cherangany. Maji ya Koitobos na Kuywa huteremka kuuongeza mto Nzoia, ambao hupita mashamba ya mahindi na miwa hadi Ziwa Viktoria. Maji ya Suam hutoka kwenye kasoko yenyewe, yakageuka Turkwel, yakaenda kuwanywesha watu na mifugo wa nchi kavu ya Turkana. Msitu wa Elgon ukikatwa kwa makaa na mashamba, mkulima wa Kitale ataona mto ukikauka Januari, na mkaazi wa Budalang'i atauona ukiingia nyumbani kwake wakati wa masika. Mwanafunzi aliyesimama juu ya mlima akaonyeshwa pande mbili za maji hayo hahitaji wimbo wa kumhimiza apande miti.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, shule zilizo katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zipange angalau safari moja ya mlimani kwa kila mwanafunzi kabla hajamaliza sekondari, na serikali za kaunti zisaidie nauli kwa watoto wa maskini, kwani ni aibu mgeni atokaye Ulaya amudu lango la Chorlim na jirani wa lango asimudu. Pili, safari hizo ziandaliwe pamoja na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na masharti ya usalama yaandikwe na kutiwa sahihi na wazazi, badala ya kuachiwa busara ya dereva. Tatu, wazee waalikwe kuzungumza kabla ya safari, ili mtoto afike pangoni akijua kwamba pango lilikuwa nyumba ya watu kabla halijakuwa kivutio cha watalii.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi la ziada. Huko mlimani niligundua kwamba wanafunzi walikuwa na maneno mengi ya kumsifu simba wasiyemwona, lakini walipungukiwa maneno ya kutaja kilichokuwa mbele yao. Wengi hawakujua kasoko, zaha, genge, kingo, korongo wala ukungu wa milimani, na mbega walimwita "nyani mweupe". Msamiati haukai katika orodha ya kukariri. Hukaa katika kitu kilichoonwa. Mwanafunzi aliyekwisha kuona jabali limekwaruzwa na pembe hatasahau tofauti ya kukwaruza na kukwangua, na akiandika juu yake msomaji atajua mara moja kwamba mwandishi alikuwako.

Huenda mtu akasema kwamba karo ni ngumu, muhula ni mfupi na mitihani imebisha hodi. Yote ni kweli. Lakini fedha za safari za mbali hupatikana, na siku za kwenda huko hupatikana. Mlima hauko mbali. Ndovu wachache waliosalia wangali wanaingia gizani, mkubwa akitangulia na mdogo akimfuata kwa kumgusa. Nasi tulio wakubwa wa hawa watoto tuna wajibu kama huo: kutangulia, kupapasa njia, kuonyesha ufa ulipo, na kuhakikisha kwamba anayetufuata ameijua chumvi ilipo kabla hatujaondoka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.